Ruzuku za safari kwa watafiti: lipieni na safari ya pili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna maneno yanarudiwa sana siku hizi, kwamba hizi ruzuku za safari wanazopewa wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu kwenda vyuo vikuu vya nje ni pesa za watu kwenda kutembea tu, wanapiga picha mbele ya maktaba ya watu, wanarudi na mkoba wa kongamano na kalamu mbili, basi. Wengine wanamalizia kabisa kwamba sasa hivi kuna mikutano ya mtandaoni, nauli ya nini tena. Mimi nimekaa kwenye mambo haya ya maombi ya ruzuku muda mrefu, naandika ya kwangu, nasoma ya wenzangu, naitwa kwenye kamati za kuyapitia, na naona lawama hizo zinapiga pasipo. Safari zinalipa. Kinachoharibu ni jinsi ruzuku zenyewe zilivyopangwa, zinamlipia mtu aende mara moja, afahamiane na wenyeji, arudi, halafu pesa inakatika pale pale ambapo kazi ndo ilikuwa inataka kuanza.

Nianze na hili la mtandaoni maana ndo linanikera zaidi. Kuna kisa aliandika Harry Collins, mwanasosholojia wa Uingereza, mwaka 2001, na huwa nakirudia kwa kila anayeniuliza. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Moscow walikuwa wamepima fuwele za yakuti samawi, wanataka kujua fuwele ikishatetemeshwa inaendelea kutetema kwa muda gani kabla ya kutulia, na wakatangaza kipimo kikubwa ajabu. Wenzao wa nchi za Magharibi wakasoma makala, wakajaribu kurudia, wapi. Karibu miaka 20 hakuna aliyefika pale, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba labda Warusi walikosea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndo wakaanza kutembeleana, mtu wa Chuo Kikuu cha Glasgow kule Uskoti akaenda Moscow, mtu wa Moscow akaja Glasgow akakaa nao maabara, na mwaka 1999 Glasgow nao wakakipata.

Sasa walijifunza nini ambacho hakikuwa kwenye makala? Fuwele ile inaning'inizwa kwa uzi mwembamba ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, na uzi unatakiwa uwe na mafuta kidogo, yakizidi umeharibu, yakipungua umeharibu. Mmoja wa wale Warusi alikuwa anachukua uzi anaupitisha juu ya pua yake au nyuma ya sikio, mafuta ya ngozi yake mwenyewe yanatosha. Nani anaandika hilo kwenye jarida? Na zaidi ya uzi waliona uvumilivu, kwamba jamaa anaweza kufunga na kufungua, kunyonya hewa upya, kurudia na kurudia bila kukata tamaa kwa sababu yeye anajua kipimo kipo, ameshakiona kwa macho yake. Ukishakaa na mtu wa hivyo na wewe unaanza kuamini, unaacha kumwona mwongo, na usisahau vipimo hivi vilikuwa vinatafutwa kwa ajili ya vioo vya mitambo ya kunasa mawimbi ya graviti, yale ambayo LIGO, mitambo ya namna hiyo iliyoko Marekani, walikuja kuyanasa kwa mara ya kwanza Septemba 2015, kwa hiyo sio mambo ya pembeni. Collins huyo huyo mwaka 1974 alishaandika kuhusu maabara zilizokuwa zinajaribu kutengeneza aina fulani ya leza, na hakukuta hata moja iliyofanikiwa kwa kusoma maandishi peke yake, waliofanikiwa ni wale waliokuwa na mawasiliano ya karibu na watu ambao leza yao tayari inawaka.

Kuna watakaosema hivyo ni visa vya zamani, enzi za barua na faksi. Haya, mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti uliopitia makala za kisayansi zipatazo milioni 20 na hataza (hati za kulinda uvumbuzi) milioni 4, za zaidi ya nusu karne, na ukakuta timu ambazo watu wake wako mbalimbali zinatoa ugunduzi wa kuvunja mazoea kidogo kuliko timu zinazokaa pamoja. Walioko mbali wanagawana kazi za kiufundi, huyu achambue data, yule apime sampuli, lakini ile hatua ya kubuni wazo lenyewe inafanywa na watu walio chumba kimoja. Mimi hilo halikunishangaza hata. Kwenye mkutano wa mtandaoni kila mtu ana ajenda na saa moja, ikifika dakika ya hamsini watu wameanza kuaga. Wazo la ovyo ovyo, lile la kusema "hivi mmeshawahi kujaribu kinyume chake?", hulitoi mbele ya vidirisha kumi na mbili vya watu wamezima kamera.

Na nauli kama nauli ina uzito wake peke yake. Wachumi watatu walifuatilia wanasayansi wa vyuo vya Marekani, wakaangalia nini kinatokea pale shirika la ndege la bei nafuu, Southwest, linapofungua njia mpya kati ya miji miwili yenye vyuo. Ushirikiano kati ya wanasayansi wa vyuo hivyo uliongezeka, kuanzia kama theluthi moja hivi hadi zaidi ya maradufu kutegemea namna walivyopima, na walionufaika zaidi ni wanasayansi wazuri walioko kwenye mazingira dhaifu, yaani mtu ana kichwa lakini hapo alipo hana wa kubishana naye. Hiyo ni ndani ya nchi moja tena tajiri. Wengine wakaangalia upande wa pili, mwaka 2012 mkutano mkuu wa wanasayansi wa siasa wa Marekani uliokuwa ufanyike New Orleans ulifutwa dakika za mwisho kwa sababu ya kimbunga Isaac, na watafiti wakapima waliokuwa wakutane pale walikuja kuandika pamoja kiasi gani. Uwezekano ulishuka. Makala ambazo hazikuandikwa kwa sababu tu watu hawakuonana, hazina picha wala mkoba wa kongamano, kwa hiyo hakuna anayelalamika gazetini kuhusu hizo.

Nikishasema hayo, sasa niwageukie watoa ruzuku.

Fomu zao nyingi zina sehemu inauliza matokeo yanayotarajiwa ya safari, na unatakiwa uandike kwa uhakika, makala ngapi, lini, jarida gani. Kila anayejaza anajua anapiga ramli. Mwaka 2011 Emmanuelle Charpentier, wakati huo yuko chuo cha Umeå kule Uswidi, na Jennifer Doudna wa chuo cha Berkeley kule Marekani, walikutana kwenye kongamano San Juan, Puerto Rico, wakatembea mitaa ya mji mkongwe wakiongea. Mwaka 2012 wakatoa makala ya kukata jeni ambayo leo kila mtu anaijua kwa jina la CRISPR, na mwaka 2020 wakapata Nobeli. James Watson, mwanabiolojia wa Marekani, naye ndo kali zaidi, ruzuku yake ilikuwa ya kwenda Copenhagen kusoma baiokemia, akaenda kwenye mkutano Naples mwaka 1951 akaona picha ya eksirei ya DNA aliyoionyesha Maurice Wilkins, akaamua kuhamia Cambridge, na waliokuwa wanamlipa walikasirika wakambania pesa. Miaka miwili baadaye yeye na Francis Crick wa Cambridge wakatoa umbo la DNA. Sisemi watu wahame vyuo bila ruhusa jamani, nasema tu kwamba kama ile kamati ingeulizwa mwaka 1951 safari ya yule kijana imefanikiwa au imefeli, jibu lake tunalijua.

Lakini hilo la fomu ni dogo, watu wameshazoea kulijaza. Kubwa ni hili la safari moja.

Chukua mtafiti kijana amepata ruzuku ya wiki mbili kwenda maabara ya chuo kingine kutumia mashine ya kupima uzito wa molekuli ambayo kwao haipo. Siku ya kwanza anatafuta kadi ya mlango. Kadi haitoki mpaka amalize mafunzo ya usalama wa maabara, na mafunzo yana siku yake maalum katika wiki, sio unapotaka wewe. Akaunti ya kompyuta inamsubiri mtu wa TEHAMA. Mashine yenyewe ina orodha ya zamu na wenyeji wameshajiandikisha mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mgeni anapewa usiku. Usiku wa kwanza anaweka sampuli yake, kwenye skrini hakuna kitu, kelele tu. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu mwanafunzi mmoja mwenyeji anapita anaenda kuchukua koti lake, anachungulia, anamuuliza "bafa yako ina chumvi kiasi gani?", bafa ni ule mmumunyo ambao sampuli inakaa ndani yake. Anamwambia. Jamaa anacheka, anamwonyesha jinsi wao wanavyoosha sampuli mara tatu kutoa hiyo chumvi kabla ya kuipeleka kwenye mashine, na kwa nini. Basi hapo mgeni ameelewa kila kitu, na sampuli zake zote alizobeba zimetayarishwa vibaya, na nyingine ziliyeyuka njiani maana barafu kavu iliisha kwenye uwanja wa ndege wakati wa kubadilisha ndege. Wiki mbili zimekwisha. Anarudi kwao na ujuzi kamili kichwani, anatayarisha sampuli upya, safari hii safi kabisa, na hana nauli ya kuzipeleka.

Ukiomba tena mfuko ule ule unajibiwa kwamba mwombaji ameshanufaika. Maneno hayo nimeyaona kwenye majibu ya zaidi ya mfuko mmoja, sitataja majina. Ameshanufaika! Kana kwamba ni zawadi ya sikukuu na zamu ni ya wengine sasa. Naelewa wanataka kugawa kwa haki, wengi wapate, na kwenye kamati hoja hiyo ina mvuto sana maana ukiipinga unaonekana mchoyo. Ila matokeo yake unakuwa na watu hamsini waliofika mlangoni na hakuna hata mmoja aliyeingia ndani, na kwenye ripoti ya mwaka inaandikwa tumewezesha watafiti hamsini, na picha ya pamoja.

Aliyelielewa hili mapema ni Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alisomea Cambridge akarudi kwao, mji wa Lahore, mwaka 1951 kufundisha, akajikuta peke yake, hakuna wa kuongea naye fizikia ya nadharia, majarida yanachelewa, na mwaka 1954 akaondoka kurudi Cambridge. Lile jambo lilimkaa moyoni, kwamba mtu alazimike kuchagua kati ya nchi yake na kazi yake. Mwaka 1964 akaanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, mji wa Trieste nchini Italia, na moja ya vitu alivyoviweka ni mpango wa washirika ambao mwanafizikia kutoka nchi inayoendelea anateuliwa kwa miaka kadhaa na katika miaka hiyo anakwenda Trieste, anakaa wiki kadhaa au miezi, anarudi kwake kufundisha, anakwenda tena. Kazi yake ya nyumbani haiachi. Salam alipata Nobeli mwaka 1979 na kituo kimepewa jina lake, lakini mimi namheshimu zaidi kwa ule utaratibu wa kurudi tena na tena kuliko kwa Nobeli. Una zaidi ya nusu karne na unafanya kazi, sasa kwa nini mifuko mingine inaendelea kubuni ruzuku ya mkupuo mmoja kama vile hakuna aliyewahi kulifikiria hili?

Kuna mifano mingine ya kuigwa. COST, mpango wa Ulaya wa ushirikiano wa kisayansi, ilianza mwaka 1971 na pesa zake haziendi kwenye utafiti wenyewe, zinakwenda kwenye kukutanisha watu, mikutano, shule fupi, na zile ziara za kisayansi za muda mfupi ambapo mtu anakwenda kukaa maabara ya nchi nyingine. Royal Society ya Uingereza ina mpango wake wa International Exchanges unaolipia safari za pande zote mbili, wa huku aende na wa kule aje. Na zile ruzuku za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya zina sehemu ya kubadilishana wafanyakazi ambayo haibagui, hata fundi wa maabara na mtu wa utawala anaweza kupelekwa.

Hapo kwenye fundi niongee kidogo. Kwenye ruzuku nyingi anayesafiri ni profesa. Profesa ndo ana jina, ndo barua ya mwaliko inaandikwa kwake, ndo kamati inamwamini. Anakwenda, anatoa mhadhara, anakula chakula cha jioni na mkuu wa idara, wanasaini makubaliano ya ushirikiano mbele ya bendera mbili, anarudi. Sidharau, bila saini hiyo mambo mengine hayaendi. Lakini mara ya mwisho yule profesa kushika pipeti ni lini? Yule anayejua kwa nini mashine inatoa kelele ni mwanafunzi wa uzamivu na fundi sanifu, na hao ndo wanaachwa nyumbani wakitumiana jumbe za usiku na wenzao wasiowajua sura. Ule uzi wa Moscow usingefundishwa na watu wawili waliokuja kusaini karatasi.

Na mwelekeo wa safari nao una maana. Nyingi zinamtoa mtu chuo kisicho na vifaa kumpeleka chuo chenye vifaa, na hapo zinaishia, kana kwamba upande mmoja una kila kitu cha kufundisha na mwingine una kazi ya kujifunza tu. Mwenyeji akija upande wa pili anaona mambo ambayo kwenye barua pepe hayaonekani, kwamba mbinu yake nzima inategemea naitrojeni ya kimiminika, ile ya kugandishia, ambayo yeye anaichota kwenye korido na mwenzake anaiagiza na kuisubiri, kwamba umeme ukikatika friji ya nyuzi themanini chini ya sifuri inaanza kupanda na kuna mtu anaamka usiku kuiangalia. Na anaona pia kwamba mwenzake ana data za miaka mingi za wagonjwa au za mvua au za ndege wa porini ambazo chuo chake tajiri hakina na hakiwezi kununua. Akishaona hivyo hawezi tena kumwandika mwenzake kwenye shukrani mwishoni mwa makala, atamwandika kwenye majina ya waandishi. Wale wanaokuja mara moja, wanachukua sampuli, wanaondoka, halafu watu wa pale wanasoma matokeo kwenye jarida kama wasomaji wengine, watafiti wenyewe wanawaita sayansi ya parachuti, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliandikwa pamoja na mambo mengine kuwabana watu wa namna hiyo kwenye rasilimali za jeni, wakubaliane kwanza na wenye mali na wagawane faida. Itifaki ni nzuri, ila naamini urafiki wa kazi wa miaka mitano unazuia wizi kuliko karatasi.

Sasa pesa. Mipango mingi bado inalipa baada ya safari, yaani wewe ununue tiketi, ulipe malazi, bima, ada ya viza, ukusanye risiti, urudi, ujaze fomu, usubiri. Mtu mwenye mshahara mkubwa na kadi ya benki hili kwake ni usumbufu tu. Mwanafunzi wa uzamivu hawezi, na hasemi kwamba hawezi maana ni aibu, anaandika tu kwamba ana majukumu mengine kipindi hicho. Kwa hiyo kamati inachagua mara moja kwa sifa halafu mfuko wa mtu unachagua mara ya pili kimya kimya. Na akikopa akaenda, kuna ile vita ya kurejesha masurufu, risiti ya teksi imeandikwa kwa lugha ambayo mhasibu haisomi, kipande cha pasi ya kupandia ndege kimepotea, kiwango cha kubadilisha pesa ni cha siku ya kununua au siku ya kusafiri au siku ya kurudi, kila mmoja anasema lake. Wamarekani wana na sheria yao kabisa, ukisafiri kwa pesa ya serikali yao lazima upande ndege za mashirika yao isipokuwa kwa masharti maalum, hata kama kuna ya bei nafuu inapita pembeni. Hiyo ni ya kwao sawa, ila isije ikawa mwanafunzi mgeni anaijua siku ya kudai pesa.

Viza sijui hata niseme nini. Mwaka 2022 mkutano mkubwa wa kimataifa wa Ukimwi ulifanyika Montreal, Kanada, na wajumbe wengi kutoka Afrika walinyimwa viza au hazikutoka kwa wakati, mkutano wa ugonjwa ambao wanaoathirika nao zaidi ndo hao waliobaki nje. Wengine walikuwa wameshapewa ufadhili kabisa. Linganisha na Satyendra Nath Bose, mwanafizikia wa India, mwaka 1924, akiwa mhadhiri wa chuo cha Dhaka, alimtumia Einstein makala yake, Einstein akaitafsiri akaichapisha na akamwandikia kadi ya posta. Bose alikuwa ameomba likizo ya masomo chuoni kwake na wanasuasua, akawaonyesha ile kadi wakampa miaka miwili, na ubalozi mdogo wa Ujerumani ulipoiona ukampa viza bila hata ada. Kadi ya posta! Leo barua ya mwaliko yenye mhuri, barua ya ruzuku, taarifa ya benki ya miezi sita, hati ya ndoa, na bado unaambiwa hatujaridhika kwamba utarudi kwenu. Mfuko hauwezi kuamuru ubalozi, najua, lakini unaweza kuacha tarehe za ruzuku ziwe wazi mpaka viza itoke, unaweza kulipa ada ya viza hata ikikataliwa, na unaweza kuruhusu mkutano uhamie nchi ya tatu ambayo wote wawili wanaingia bila shida. Mifuko mingi inafuta ruzuku tarehe ikipita. Mtu amekataliwa mara mbili kwa kosa lisilo lake.

Kuna watakaoniuliza habari ya moshi wa ndege. Ni kweli, na jibu ni lile lile, safari chache ndefu, mtu akae miezi miwili au mitatu afanye kazi, badala ya kuruka mara nne kwa mwaka kwenda kukaa siku tatu tatu kwenye hoteli za makongamano. Hapo kwa kweli hata wale wanaolalamika kuhusu utalii wana haki kidogo. Kongamano la siku tatu ambalo mtu anasoma slaidi zake dakika kumi na kukaa nyuma na simu, hilo hata mimi sitalitetea sana, ingawa San Juan nako kulikuwa kongamano, kwa hiyo sitaki kulifuta kabisa.

Ninachoomba kwa vyuo na kwa mifuko sio pesa mpya, hizo hizo zilizopo zinatosha kuanzia. Badala ya kutoa ruzuku ishirini za safari moja moja, toeni kumi za safari mbili, ya kwanza fupi ya kuonana na kujua bafa ina chumvi kiasi gani, ya pili ndefu ya kufanya kazi, na kati yake mwenyeji naye aje walau mara moja. Jina la pili kwenye ruzuku liwe la fundi au mwanafunzi, na liwe sharti, msiwaachie maprofesa waamue maana tunajijua. Pesa itoke kabla ya safari. Na ripoti, ile ya wiki mbili baada ya kurudi ambayo kila mtu anaandika kwamba ziara ilikuwa ya mafanikio makubwa, iacheni, ombeni ripoti baada ya mwaka na nusu, ukurasa mmoja, swali moja tu: bado mnaongea? Kama wawili hao bado wanatumiana data na wanabishana hiyo safari imelipa, kama wamenyamaza mtajua pa kukata, na wanaotaka kujua nani alikwenda kutalii watapata majibu yao hapo hapo.

Kama kuna mtu wa mfuko wowote anasoma gazeti hili na ana sababu nzuri ya kukataza safari ya pili, naomba ajibu kwenye ukurasa huu huu, na aeleze "ameshanufaika" inapimwaje.

Mhadhiri wa chuo kikuu,
jina limehifadhiwa.